Viti Viwili vya Mheshimiwa

Msambweni nzima tulimwita Mheshimiwa, hata wale waliozaliwa miaka mingi baada ya yeye kupoteza cheo. Cheo chenyewe alikuwa nacho kwa muda mfupi tu, katika lile Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa mkoloni, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Baada ya uhuru aligombea tena na tena, na hakushinda hata mara moja. Lakini jina lilimganda, naye hakufanya bidii yoyote ya kulibandua. Ukimwita "mzee" alikuwa hasikii. Ukimwita "Mheshimiwa" alikusikia hata akiwa msalani.

Kazi yake ya pili, ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa ya kwanza, ilikuwa historia. Aliandika kitabu kinene juu ya watu wa pwani ya kusini, kutoka Bongwe hadi Jego, chenye jalada la kijani ambalo jua la dirishani lililigeuza kuwa manjano. Mimi nilikuwa nikifundisha historia sekondari, na nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa makuti. Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, maana kila asubuhi alijisomea maandishi yake kwa sauti, akijijibu na kujisahihisha. Sasa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na asubuhi zetu zimekuwa kimya kuliko ninavyopenda.

Barazani kwake palikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa cha chuma. Alisema kimetoka ofisi ya serikali, na hakusema kilitokaje. Cha pili kilikuwa cha mbao na kamba za usumba. Ukimwuliza jambo la siasa alikaa kwenye kile cha chuma, mgongo wima, kofia kichwani. Ukimwuliza jambo la kale alihamia kwenye cha kamba, akavua kofia na kuiweka gotini. Mwanzoni nilidhani anafanya mzaha.

Siku moja nilimwuliza kwa nini yeye na wenzake, uhuru ulipokaribia, walitaka pwani ijitenge na bara.

"Tulikuwa tunalinda haki za watu wetu," alijibu kutoka kiti cha chuma, mkono ukikata hewa kana kwamba mbele yake kuna umati.

"Na historia inasemaje, Mheshimiwa?"

Akainuka, akahamia kiti cha kamba na kuvua kofia.

"Tulikuwa tunaogopa, Mwalimu. Na baadhi yetu tulikuwa tumeahidiwa vyeo."

"Baadhi yenu nani?"

"Swali hilo ni la kiti kile kingine," alisema, na hakuhama tena jioni ile.

Nilimpenda, lakini si kila siku. Alikuwa mchoyo wa sukari na mkarimu wa maneno. Ungeingia kwake kuazima jembe ukatoka na habari za watawala wa Vanga, na jembe umelisahau. Hoteli za Diani alizichukia kwa dhati. Alisema zimewafanya watu waijue bahari yao kwa kuchungulia kwenye nyua. Lakini wageni wa hoteli hizo walipomwalika kuwasimulia mambo ya kale, alivaa kanzu yake iliyopigwa pasi kali na kungoja gari tangu baada ya adhuhuri. Alirudi na sabuni ndogondogo mfukoni, akazigawa kwa majirani bila kueleza chochote. Nyumbani kwangu tulizitumia, tukamcheka, tukanukia vizuri.

Kwa adabu alikuwa mkali kuliko askari. Kijana mmoja wa bodaboda kutoka Ukunda, mtu wa bara aliyekuja kutafuta riziki, alisimama siku moja mbele ya baraza lake.

"Niaje, mzae? Twende?"

Mheshimiwa alikuwa keshainua mguu kupanda. Akaushusha.

"Wewe umelala wapi?"

"Kwangu, mzae."

"Na huko kwako mtu akiamka hupiga mluzi au husalimu?"

Kijana akazima pikipiki. Wakaanza upya: shikamoo, marahaba, umeamkaje, nimeamka salama, mama hajambo, hajambo. Salamu zilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Kijana yule alimbeba kwa miaka, na ni yeye aliyekuwa akinieleza kwamba mzee hulala usingizi mgongoni mwake wakifika barabara ya lami.

Aliposhindwa uchaguzi wa kwanza baada ya uhuru, lawama zote alizipeleka Lunga Lunga. Wakati huo watu wa kule walikuwa wakipigwa na ukame, wakiteka maji mbali, na mifugo yao ikifa. Mheshimiwa alisimama mbele yao akawaeleza nani alifika pale kwanza, nani akamfuata, visima vya zamani vilichimbwa na ukoo gani na vikafukiwa kwa ugomvi gani. Alizungumza hata kivuli cha jukwaa kikahama. Mpinzani wake alikuja kesho yake, akasema maneno machache: nitawachimbia kisima.

"Waliniomba maji, nikawapa historia," alikuwa akisema. Alilisema hilo kwa fahari, kana kwamba ni wao walioshindwa. Na katika kitabu chake mpinzani huyo hayumo kabisa, ingawa alikalia kiti cha ubunge mpaka akachoka mwenyewe.

Hapo ndipo penye ugonjwa wake, kwa maoni yangu. Mwanasiasa alikuwa akiponzwa na mwanahistoria jukwaani, na mwanahistoria akiponzwa na mwanasiasa mezani.

Lakini kazi ya kukusanya habari aliijua, nitampa haki yake. Hakwenda na maswali nyumbani kwa watu. Alikwenda matangani. Kila palipokuwa na msiba, kutoka Bongwe mpaka mpakani, alifika, akazika, akakaa siku zote za tanga, na masikio yake yalikuwa upande wa wanawake. Wenye midomo walisema anafuata wali. Yeye alisema mtu akifa ndipo jamaa zake wanapokumbuka wao ni nani, na wanawake ndio wanaojua, kwa sababu kwa Wadigo wa zamani ukoo ulikwenda kwa mama. Ukoo huo ndio fuko. Ulikuwa wa fuko la mamako, si la babako. Na kwa kuwa mjukuu hupewa jina la babu au bibi, yeye aliweza kushika jina moja akapanda nalo juu, kizazi kwa kizazi, kama mgema anavyopanda mnazi kwa hatua zilizochongwa. Sijaona mwalimu yeyote wa chuo kikuu akifanya hivyo bila karatasi.

Fuko lilikuwa na desturi yake ya mirathi, na hapa sina budi kueleza vizuri, maana jambo zima limekaa hapa. Mwanamume akifa, kwa ada ile, mali yake haikwenda kwa watoto wake. Watoto ni wa fuko la mama yao. Mali ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, ambaye ndiye wa fuko moja naye. Na mpwa hakurithi minazi tu. Alikalia nafasi ya marehemu, na watoto wa marehemu wakapaswa kumwita baba.

Mheshimiwa alirithi hivyo. Alipokuwa bado kijana, kabla ya siasa, mjomba wake alifariki akaacha shamba kubwa la minazi ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba zetu. Wazee wa fuko wakakaa, wakampa. Mjomba alikuwa na mtoto mmoja tu aliyekuwa hai, msichana aitwaye Mejumaa. Naye akaachwa aendelee kukaa katika nyumba ya babake pembeni mwa shamba, kwa hisani. Hawakupishana sana kwa umri, lakini tangu siku hiyo Mejumaa alimwita Mheshimiwa Baba.

Kisha Mheshimiwa akaingia katika Baraza la mkoloni, na hotuba iliyompa jina ilikuwa juu ya nini? Juu ya mirathi. Alisimama mbele ya Wazungu akasema kwamba Mwislamu akifa, mali yake iende kwa watoto wake kama sheria ya dini inavyotaka, na kwamba ada ya mjomba na mpwa inawadhulumu mayatima. Wajomba wa pwani nzima walimnunia. Vijana walimbeba mabegani. Nilipomwuliza, miaka mingi baadaye, shamba lake mwenyewe lilikuwa katika hesabu gani, alijibu kutoka kiti cha chuma kwamba sheria hairudi nyuma.

Bi Mejumaa nilimfahamu kwa mikono yake kwanza. Alikuwa akisuka makuti, na mengi ya mapaa ya hoteli za Diani yalipita vidoleni mwake. Mwanamke mfupi, mkavu, asiyepoteza neno. Mchana mmoja alinikuta nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, kitabu cha kijani kikiwa kando yangu.

"Mwalimu," alisema, "nisomee pale pa babangu."

Nilipatafuta. Palikuwa na ukurasa mzuri juu ya mjomba: alivyopanda minazi, alivyopatanisha watu, alivyosali. Ukurasa uliishia kwa sentensi niliyokuwa nimeisoma mara nyingi bila kuitilia maanani: alifariki bila kuacha mrithi ila mpwa wake.

"Rudia hapo mwisho."

Nikarudia.

"Basi mimi nilizaliwa na nani?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya samaki. Nikafunga kitabu. Akakaa kidogo, akaaga, akarudi kwenye makuti yake. Mimi nililibeba lile swali mpaka ng'ambo ya ua, nikiwa na hasira ambayo hata mimi ilinishangaza.

"Nimeandika mrithi," alisema Mheshimiwa kutoka kiti cha chuma. "Sikuandika mtoto. Kwa ada ya wakati ule mrithi nilikuwa mimi. Hakuna uongo hapo."

"Na kiti kile kingine kinasemaje?"

Alikitazama kile kiti cha kamba kama anayetazama mdai.

"Kile kimelegea kamba. Fundi hajaja."

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakukikalia. Fundi aliishi nyumba ya tatu kutoka kwake.

Huenda jambo lingebaki hivyo, watu wawili wazee wakiamkiana kila siku juu ya kitu wasichokitaja, lau si wana wa Mheshimiwa. Walikuwa wanaishi Mombasa, wenye kazi zao, na mkubwa wao, Bakari, alikuwa mtu mpole anayesema taratibu. Babake alipoanza kudhoofika, Bakari akaja na mpimaji. Tukaamka tukaona bikoni, vile vigingi vya kupimia mipaka, shambani. Moja iliwekwa baina ya nyumba ya Bi Mejumaa na kaburi la babake, lililo hatua chache uani. Kulikuwa na mnunuzi anayetaka kujenga nyumba za wageni. Hapakuwa na fumbo: Mheshimiwa akifa bila kusema neno, shamba litakwenda kwa wanawe kwa sheria ileile aliyoipigania, nao watauza, na Bi Mejumaa atatoka. Yeye aliendelea kufagia uwanja wake kila asubuhi, akiizunguka ile bikoni kwa ufagio.

Nitasema kwamba Mheshimiwa hakulala juu ya jambo hilo. Alimwita imamu, akamwita Bakari, akaniita mimi kama jirani, akamtumia Bi Mejumaa ujumbe aje. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Alikuwa kwenye kiti cha chuma, kofia kichwani, na ilikuwa wazi kwamba hotuba ameitayarisha.

"Mejumaa, umekuwa mwanangu. Sitaki usumbuke nikiondoka. Mbele ya mashahidi hawa nakupa hiba: nyumba unayokaa, kaburi la marehemu, na minazi iliyo mbele ya nyumba. Bakari ameridhia."

"Mashallah," alisema imamu. Na mimi, kusema kweli, nilifurahi. Hiba ni zawadi anayoitoa mtu akiwa hai, na mtu akishaipokea warithi hawawezi kumpokonya. Niliona mambo yamekwisha.

Bi Mejumaa hakuwa amekaa. Alisimama penye ngazi, amejifunga kanga mbili sawasawa.

"Ahsante, Baba. Lakini siitaki."

"Huitaki?"

"Sitaki kupewa zawadi mali ya babangu. Nikiipokea, nitakuwa nimekubali kwamba ilikuwa yako."

Bakari akaingilia. Kwa hesabu ya ada bikizee yule alikuwa dada yake, na ndivyo alivyomwita. "Dada, tafadhali, pokea tu. Iwe hiba, iwe nini, si utabaki kwako?"

"Nitabaki kwenu," alisema Bi Mejumaa. "Nimebaki kwenu maisha yangu yote." Akaaga kila mtu kwa cheo chake, akashuka ngazi.

Imamu akatazama chini. Mheshimiwa akapiga goti lake kwa kiganja.

"Mkaidi! Kama babake vilevile," alisema. Kisha niliona kwamba ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Mimi nilimkasirikia Bi Mejumaa. Nilimfuata nikamwambia mtu mzima hatupi paa lake kwa sababu ya neno. Aliniuliza kama ningekubali kupewa jina langu kwa hisani. Nikarudi nyumbani nikapika.

Siku zilizofuata sauti ya asubuhi ilibadilika. Alikuwa hasomi kitabu tena. Nilimsikia akitaja majina tu, majina ya fuko, akipanda na kushuka, na kila alipofika kwa mjomba alisita. Mara moja nilichungulia juu ya ua. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, kilicholegea kweli sasa, amezama ndani yake hata magoti yamefika kifuani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea, nami nilimhurumia.

Mara ya mwisho kumwona nje ya nyumba yake ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Nilikuwa kwa Bi Mejumaa, ninamshikia fito anasuka. Tukawaona wanakuja kupitia shambani, polepole mno: imamu upande mmoja, Bakari upande wa pili, na Mheshimiwa katikati, kanzu yake ile ya pasi kali ikifagia majani. Kofia ilikuwa mkononi.

Walipofika ukingo wa uwanja alisimama. Bakari akataka kumvuta aingie kivulini, naye akakataa. Katika shamba lile alikuwa akiingia na kutoka tangu ujanani, akiangusha madafu, akiamrisha wakwezi, na sijapata kumsikia akibisha hodi.

"Hodi!" alisema.

Bi Mejumaa aliinua uso. "Karibu, Baba."

Hakusogea.

"Usiniite baba. Baba yako yule pale." Alilionyesha kaburi kwa kofia. "Mimi ni mpwa wake. Wewe ndiwe mtoto wake, na nilikuwa nikilijua hilo siku niliyokuwa nikiandika."

Kuti lilikuwa limebaki nusu mikononi mwa Bi Mejumaa.

"Imamu, nishuhudie. Shamba hili lote, kutoka barabarani hadi pwani, ni mali ya marehemu mjomba wangu. Nililishika. Narudisha."

"Baba," alisema Bakari taratibu, "si tulikubaliana hiba? Ile sehemu ya nyumba?"

"Hiba hutolewa na mwenye mali, mwanangu."

Imamu akakohoa. Alisema kwamba kwa faraidhi, ule mgao wa mirathi wa dini, huenda jamaa wengine wa marehemu nao wana mafungu, itabidi kukaa na kuhesabu.

"Hesabuni. Mwenye fungu apewe. Lakini kwa sheria niliyoipigania mimi, mpwa hana fungu. Mimi simo."

Bakari alikuwa amekunja uso, lakini mkono wa babake hakuuachia, na hilo nililihesabu upande wake. Mheshimiwa akageuka tena, akamtazama Bi Mejumaa, akabisha kwa mara ya pili, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza.

"Hodi."

Bi Mejumaa aliweka kuti chini. Akapangusa mikono kwenye kanga, akainuka, akaja mpaka ukingoni mwa uwanja.

"Karibu kwangu, binamu."

Pale kwake hapakuwa na kiti cha aina yoyote. Alisogeza makuti, akatandika mkeka, na Mheshimiwa akavua viatu, akasaidiwa kukaa.